Gemu za Vita vya Kale: Wachezaji Wasemavyo na Pwani Yetu Ijuavyo

Wahenga walinena kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Methali hii sote twaijua. Twaiandika katika insha kila muhula, na mwalimu hututilia alama yake nyekundu, basi yakaisha. Lakini je, umewahi kuipima methali hiyo kwa kitu unachokipenda wewe mwenyewe? Mwaka huu nimeona niipime kwa gemu. Naam, gemu! Zile za tarakilishi ambazo mchezaji hujenga ngome, huajiri askari wa farasi, hunoa panga zake kisha akauvamia mji wa jirani. Wapo miongoni mwetu wanaozicheza kwa mapenzi makubwa, na wapo wanaozilaani kwa nguvu hizo hizo.

Makala haya yanaeleza gemu hizi zinavyofanya kazi, wachezaji wanabishania nini, na kwa nini mtoto wa Malindi au Kilifi ana haki ya kutoa maoni ambayo mtoto wa London huenda asiyawaze.

GEMU ZENYEWE NI ZIPI?

Ziko nyingi, ila nitazitaja mbili zinazowakilisha ukoo mzima.

Ya kwanza ni Age of Empires II. Ilitolewa mwaka wa 1999 na kampuni ya Ensemble Studios ya Marekani, na mwaka wa 2019 ikatolewa upya kwa sura safi zaidi. Hapa mchezaji anaitazama nchi kutoka juu, kama mwewe. Kwa kawaida huanza na kituo cha mji, wanakijiji 3 na mpanda farasi 1 wa kupeleleza. Kazi yake ni kutafuta vitu vinne: chakula, miti, dhahabu na mawe. Akivipata, anavuka kutoka zama moja hadi nyingine, zote zikiwa 4, huku mji wake ukikua. Kila askari ana mbabe wake. Mwenye mkuki humzuia mwenye farasi, mwenye farasi humfukuza mpiga upinde, na mpiga upinde humdungua mwenye upanga kabla hajamfikia. Hakuna askari asiyeshindika, kwa hiyo ushindi ni wa yule anayejua amtume nani, wapi, na wakati gani.

Ya pili ni Mount & Blade. Hii ilianzishwa na mume na mke, Armağan na İpek Yavuz, huko Ankara, Uturuki. Ilitolewa mwaka wa 2008, na mwenziwe mpya aitwaye Bannerlord akakamilika mwaka wa 2022. Hapa hutazami kutoka angani. Uko chini, juu ya farasi wako, vumbi usoni. Upanga unaurusha mwenyewe, kushoto, kulia, juu au kwa kuchoma, na ukikinga upande usio wake umekwisha. Lakini wewe huyo huyo ndiwe jemadari. Lazima jeshi lako lile, lazima ulilipe mshahara, na ukitaka fedha waweza kutuma misafara ya biashara mji hadi mji. Nchi yenyewe, Calradia, ni ya kubuni.

Kwa hiyo moja ni ya mikakati mitupu, na nyingine inachanganya mikakati na mapigano ya ana kwa ana. Hapo ndipo ubishi unapoanza.

WACHEZAJI WASEMAJE?

Kundi la kwanza ni watu wa mikakati. Hawa husema raha ya gemu ni kufikiri. Unapanga wanakijiji wangapi wakate miti na wangapi walime, maana ukikosea mapema utalia baadaye. Wanaifananisha na bao letu: namu ukizichezea ovyo, mtaji hautakuokoa. Malalamiko yao ni kwamba Age of Empires haikungoji. Saa inakwenda, adui anakwenda, na mara nyingi mwenye kidole chepesi humshinda mwenye akili nzito. "Huu ni ubongo au ni kubonyeza?" huuliza wao.

Kundi la pili ni watu wa upanga. Hawa wanasema kuamuru tu kutoka juu hakuna moyo. Ukiwa Bannerlord, wasema wao, unaogopa kweli. Unaona safu ya adui ikiteremka kilimani, askari wako 200 nyuma yako, na wewe ndiye wa kwanza kufikiwa. Hata hivyo nao wana malalamiko yao, na ni ya haki. Mwanzo wa gemu ni mtamu, lakini ukishakuwa mkubwa mambo hujirudia. Kuuzingira mji wa 10 ni kama kuuzingira wa kwanza. Tena wafalme hutangaza vita leo, wakapatana kesho, wakapigana tena keshokutwa, hujui sababu.

Kundi la tatu ni wanaohesabu muda. Mchezo mmoja unaweza kumeza saa nzima au zaidi, na kampeni nzima ikameza likizo. Mzazi akiuliza masomo yako wapi, jibu huwa ni "nimalize ngome hii tu, mama." Wallahi, ngome hizo haziishi!

Kundi la nne ndilo kubwa, nalo lina msemo mmoja tu: "Ni mchezo tu, bwana." Eti usiutafutie maana. Hawa ndio ninaotaka kuzungumza nao, kwa heshima na upole, maana hapa ndipo pwani yetu inapoingia.

KANUNI ZA GEMU NI MANENO PIA

Mwandishi wa hadithi anachagua nani awe shujaa na nani awe adui. Mtunzi wa gemu anachagua zaidi ya hapo: anachagua kipi kihesabiwe. Kikihesabiwa, utakitafuta. Kisipohesabiwa, utasahau kwamba kimewahi kuwapo duniani. Kwa hiyo kanuni za gemu ni maneno pia, ingawa hayana sauti. Zinakwambia: hivi ndivyo watu wa kale walivyoshinda.

Je, ndivyo? Hebu tuzipime kanuni hizo kwa miji tunayoijua.

Tuanze na haki, tusiwaonee watunzi. Kuna mambo wameyapata sawasawa. Katika Age of Empires, machimbo ya dhahabu huisha lakini biashara haiishi, na kadiri soko la mwenzako lilivyo mbali ndivyo mkokoteni wako unavyorudi na dhahabu nyingi. Hilo ndilo lililoijenga pwani yetu. Nenda Gedi, karibu na Watamu, mji ambao mwaka wa 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. James Kirkman alipouchimba tangu mwaka wa 1948, alikuta vyombo vya kaure kutoka China na shanga za vioo kutoka Venice. Vitu hivyo havikuja kwa upanga, vilikuja kwa biashara ya mbali.

Lakini kuna mambo matatu ambayo gemu haiyahesabu, na bila hayo pwani haielezeki.

LA KWANZA: UPEPO

Katika gemu, merikebu ukiiambia nenda inakwenda. Mbele, nyuma, mwezi wowote, mwendo ni ule ule. Mvuvi wa Mayungu akisikia hivyo atacheka mpaka akae chini.

Tazama mfano huu. Tarehe 24 Aprili 1498, Vasco da Gama aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa na Sultani wa hapo. Kusi lilikuwa linaanza kuvuma kuelekea Bara Hindi. Tarehe 20 Mei alikuwa tayari amefika karibu na Calicut. Hata siku 30 hazikutimia. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi likolee. Aling'oa nanga Oktoba mwanzoni, akafika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Karibu miezi 3! Mabaharia wake wengi walikufa njiani kwa ugonjwa wa fizi uletwao na kukosa matunda na mboga. Bahari ilikuwa ile ile, nahodha mkuu yule yule. Kilichobadilika ni upepo tu.

Basi mkakati mkubwa wa watu wa pwani haukuwa farasi wala mkuki. Ulikuwa kujua siku ya kuondoka. Na kwa kuwa mgeni aliyekuja na kaskazi alilazimika kungoja kusi ndipo arudi kwao, alikaa miezi akila, akifanya biashara, akioa, akijifunza lugha. Ustaarabu wetu na Kiswahili chetu vina deni kubwa kwa kungoja huko. Gemu isiyo na upepo haina kungoja, na isiyo na kungoja haina Uswahili.

LA PILI: MAJI

Wanakijiji wa Age of Empires hutafuta chakula, lakini hawatafuti maji. Hakuna kisima hata kimoja cha kuchotea maji. Sasa ingia Gedi uone visima vyake virefu vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe. Au vuka hori ya Kilifi hadi Mnarani, nako utakuta kisima kirefu pembeni mwa magofu ya msikiti.

Gedi ilikuwa na ukuta wa nje na ukuta wa ndani, kama ngome yoyote ya gemu. Hata hivyo mwanzoni mwa karne ya 17 watu walikuwa wamehama. Wataalamu wametaja sababu kadhaa: maji kushuka visimani, mashambulizi kutoka bara, na biashara kuhamia kwingine. Ona basi! Miongoni mwa maadui wa mji uliozungukwa na kuta mbili, mmoja anaweza kuwa alikuwa chini ya ndoo. Askari wa kumkabili huyo hawapo kwenye orodha ya gemu.

LA TATU: KESHO

Hili ndilo zito zaidi, nalo ndilo linaloturudisha kwa panzi na kunguru.

Gemu huisha kwa maandishi makubwa: UMESHINDA. Ukishayaona, unazima tarakilishi, unakwenda kulala. Hesabu imefungwa. Sasa chukua Malindi mwaka wa 1498 uicheze kama gemu. Wewe ni Sultani. Mombasa ni jirani mwenye nguvu kukuzidi, tena mshindani wako wa biashara. Wanatokea wageni wenye mizinga ambao Mombasa imewakataa. Utafanyaje?

Usiharakishe kumlaumu Sultani wa Malindi. Mji wake haukuwa mgeni wa mambo ya mbali. Mwaka wa 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia Mfalme wa China twiga, zawadi iliyostaajabisha baraza zima la kifalme. Bila askari hata mmoja, Malindi ilijulikana Uchina. Kwa hiyo kumkirimu mgeni na kumfanya rafiki ilikuwa ndiyo siasa ya mji, na siku zote ililipa. Aliwapokea Wareno, akawapa chakula na rubani. Mpaka leo nguzo inayoitwa ya Vasco da Gama ingali imesimama pale ufuoni Malindi, watalii wakipiga picha.

Mwaka wa 1505 akaja Francisco de Almeida na kundi kubwa la merikebu. Julai aliitwaa Kilwa. Agosti aliishambulia Mombasa, akaiteka nyara na kuichoma moto. Baada ya hapo Mfalme wa Mombasa, aliyekuwa amekimbia, alimwandikia barua Sultani wa Malindi, yule yule mpinzani wake, kumweleza hali aliyoikuta aliporudi mjini: mauti na maangamizi. Mtu hamwandikii hasimu wake barua ya namna ile ila kwa jambo moja, kumwambia: jirani, tazama, kesho ni wewe.

Kama ingekuwa gemu, hapa Malindi ingeandikiwa UMESHINDA. Mshindani amechomwa, rafiki ana nguvu. Lakini historia haikuzima tarakilishi. Mwaka wa 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, wakaijenga wapi? Mombasa, si Malindi. Ukoo wa kifalme wa Malindi ukahamishiwa huko ukatawale chini ya kivuli chao, na mji wa Malindi ukaanza kufifia. Mwaka wa 1614 Sultani Hasan wa ukoo huo aliuawa kwa njama za Wareno wale wale. Mwanawe, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa, akarudishwa kutawala. Agosti 1631 aliwageukia, akaiteka Ngome ya Yesu na Wareno waliokuwamo wakauawa. Mwaka uliofuata naye akaondoka, akawa mtoro wa baharini.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Kutoka 1498 hadi 1631 ni miaka 133. Panzi wa Malindi na panzi wa Mombasa walipigana, kunguru akashiba wote wawili. Aliyeshinda mwaka wa 1505 alijua kwamba ameshindwa baada ya vizazi kadhaa. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu isiyo kwenye gemu: ushindi una kesho yake.

UNACHEZA UKIWA NANI?

Sasa lile kundi la "ni mchezo tu" lisikilize hili. Mwaka wa 2015 Age of Empires II iliongezewa sehemu mpya iitwayo The African Kingdoms, yaani falme za Kiafrika. Wachezaji wengi walifurahi, na kwa haki. Wamali waliingia pamoja na Sundiata wao. Wahabeshi waliingia, na Waberiberi pia. Taifa la nne katika sehemu hiyo ya falme za Kiafrika lilikuwa nani? Wareno. Na shujaa wa kampeni yao ni nani? Francisco de Almeida! Waswahili, wenye miji ya mawe kutoka Mogadishu hadi Sofala, hawakuwamo katika orodha hiyo.

Kwa hiyo mtoto wa Mombasa au Malindi akiifungua kampeni hiyo, anayaamuru majeshi ya mtu aliyeichoma Mombasa. Akifanya vizuri, anasifiwa. Simwambii aache. Hata katika maigizo ya shule kuna anayecheza sehemu ya mkoloni, na yataka acheze vizuri. Ila ajue ni nani huyo. Kucheza ukijua ni elimu, na kucheza usijue ni kukaririshwa.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ilishafika katika gemu kabla ya watu wetu. Gemu ya Civilization IV ya mwaka wa 2005 inafunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin wa Marekani. Mwaka wa 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, na ndio wa kwanza kutungiwa gemu ukaipata. Mamilioni ya watu wameusikia. Ni fahari, sikatai. Lakini ni kama mtu kualikwa harusini aimbe mlangoni, kisha ndani asiwekewe mkeka.

BASI TUFANYEJE?

Maoni yangu ni haya, na mwenye yake atayaleta mkutanoni. Watu wa mikakati wana haki, na watu wa upanga wana haki, kwa sababu hao wanabishania ladha. Wanaohesabu muda wana haki zaidi karibu na mitihani. Lakini wanaosema "ni mchezo tu" wamekosa jambo. Gemu ni msimulizi, na msimulizi huulizwa maswali. Ukikaa kucheza, yaulize haya matatu:

1. Gemu hii inahesabu nini, na imekiacha nini bila kuhesabu?
2. Hapa mimi ni nani, na yule ninayempiga alikuwa nani kwa kweli?
3. Baada ya neno UMESHINDA, nini kingefuata?

Ukiweza kuyajibu, saa uliyotumia haikupotea bure. Umesoma historia mara mbili.

Na kuna jambo la pili, ambalo halihitaji hata umeme. Gemu ya Mount & Blade ilianzia kwa watu wawili nyumbani kwao. Sisi tu chama kizima! Tuchore ramani ya pwani kutoka Mombasa hadi Lamu juu ya karatasi kubwa. Tuchukue kete 64 za bao ziwe majahazi na bidhaa. Tuweke kanuni: nusu ya mwaka majahazi yaende kaskazini na kuvuka hadi Bara Hindi, nusu nyingine yarudi. Kila mji uwe na kisima, na kikikauka watu wahame. Anayemwalika mgeni mwenye mizinga ampige jirani yake apate pointi nyingi leo, lakini kila mzunguko unaopita mgeni huyo amdai kete moja. Kisha tucheze vizazi vitano ndipo tuhesabu nani kashinda.

Nina hakika tutabishana mpaka kengele ilie. Anayecheza Malindi atasema hakuwa na njia nyingine. Anayecheza Mombasa atamkumbusha ile barua. Shime basi, wanachama. Kalamu tunazo, kete tunazo, na pepo za kaskazi na kusi zingali zavuma mlangoni petu.